Kwa nini viwanda vya chai vya Kisii na Nyamira havimjui mnunuzi wao

KILA mwaka bonasi inapotangazwa, wakulima wa majanichai katika kaunti za Kisii na Nyamira huuliza swali lile lile: mbona wenzao wa Kirinyaga na Murang'a, mashariki mwa Bonde la Ufa, hulipwa zaidi kwa kilo moja ya majani mabichi? Majibu ya kawaida ni udongo, hali ya hewa na uchumaji. Yana ukweli, lakini husahau namna chai yenyewe inavyouzwa.

Kiwanda kama Kebirigo au Sanganyi hakimuuzii mnywaji wa chai. Huuzia kampuni nyingine, na chai hiyo huishia kuchanganywa na ya kwingineko na kutiwa kwenye pakiti zenye jina la mwingine. Biashara hiyo hupitia mnada wa Mombasa, ulioanzia Nairobi mnamo 1956 na kuhamia pwani 1969. Dalali hupokea sampuli, waonjaji huipima, chai huorodheshwa kwa mafungu na wanunuzi hushindania bei. Kufikia hapo chai imekwisha kutengenezwa, na mnunuzi hakuulizwa anachohitaji.

Wanaotaka mnada uvunjwe, hata hivyo, wanakosea. Bei yake huonekana na wote, na mnunuzi hulipa kabla ya kuondoa mzigo ghalani. Mauzo ya moja kwa moja ya viwanda vilivyo chini ya KTDA yalikosolewa kwa kukosa uwazi, na Sheria ya Chai ya 2020 ikaagiza chai ya kuuzwa nje ipitie mnadani, isipokuwa chai maalum na ile ya othodoksi.

Serikali ilijaribu pia kuinua bei kwa amri. Mnamo Julai 2021 chai ya KTDA iliwekewa bei ya chini kabisa ya dola 2.43 kwa kilo. Lakini hakuna amri inayomlazimisha mtu kununua. Chai ya magharibi mwa Bonde la Ufa, iliyozoea bei nafuu, ilirundikana maghalani, na baadaye kiwango hicho kikaondolewa. Machi 2025 Sudan, mmoja wa wateja wa chai ya Kenya, ilisimamisha uagizaji wa bidhaa kutoka nchini kwa sababu za kisiasa. Muuzaji asiye na wateja wengine wa kuwaendea hubaki akisubiri.

Huku nyumbani, majani nayo huponyoka. Mawakala wa kile wakulima wanachokiita soko huru hununua majani mabichi kwa pesa taslimu, ilhali kiwanda hulipa kidogo kila mwezi na salio baada ya mwaka. Mzazi anayedaiwa karo hawezi kulaumiwa kwa kuchagua noti iliyo mkononi. Kilo moja ya chai iliyosindikwa huhitaji takriban kilo nne na nusu za majani, kwa hivyo kila gunia linaloenda kando hukipunguzia kiwanda mzigo wa kuuza.

Mlango uliosalia ni othodoksi. Chai ya kawaida ya Kenya hukatwakatwa kuwa chembechembe. Othodoksi huviringishwa na jani likabaki na umbo. Kwa kuwa sheria iliiacha nje ya sharti la mnada, kiwanda kinaweza kumtafuta mnunuzi, kumpelekea sampuli, kusikia ladha na kiasi anachotaka, kisha kutengeneza alichoagiza. Ni kazi ya miezi mingi, mitambo yake ni ya gharama, maagizo ya kwanza huwa madogo, na mnunuzi anaweza kuomba mkopo ambao mnadani asingepewa.

Tena huanzia shambani. Othodoksi haivumilii jani gumu. Mchumaji hana budi kushika majani mawili na chipukizi, na kilo zake hupungua. Kiwanda kikimlipa kwa kiwango kile kile cha majani ya kawaida, hayo mazuri pia atayapeleka soko huru.