Spika Sita, Sauti Mbili: Kuchagua Njia ya Sauti Kutoka kwenye Deki

Zipo nyumba nyingi ambazo sebule zake zimezungukwa na spika sita, ilhali zinazosema ni mbili tu. Deki imenunuliwa, sabufa imewekwa kwenye kona, spika ndogo zimepigiliwa ukutani nyuma ya makochi, na fedha ambazo zingesaidia karo za watoto zimekwisha kutumika. Hata hivyo filamu ikianza, sauti yote hutoka mbele, na spika za nyuma ama hukaa kimya, ama hurudia yaleyale yanayosemwa na za mbele. Mwenye nyumba huilaumu diski, kisha deki, kisha fundi. Na mwisho hushauriwa anunue waya wa bei kubwa zaidi. Aghlabu kosa haliko huko. Liko katika kutojua ni tundu lipi la deki limeunganishwa na lipi la amplifaya, na ni kitu gani kinachopita katikati yake.

Makala haya yanaeleza njia ambazo sauti hutumia kutoka kwenye deki ya DVD au ya Blu-ray, kila moja inabeba nini, na kwa nini jambo la kuamua si bei ya waya.

Furushi na mwenye kulifungua

Sauti ya mzunguko iliyozoeleka majumbani huitwa 5.1. Tarakimu ya tano inahesabu njia tano za sauti: mbele kushoto, mbele katikati, mbele kulia, na mbili za ubavuni au nyuma. Ile moja baada ya nukta ni njia ya sabufa, inayobeba mingurumo tu, isiyozidi mitetemo 120 kwa sekunde. Spika ya katikati, ambayo wengi huidharau, ndiyo hubeba sehemu kubwa ya maneno ya wazungumzaji.

Njia hizo sita ni mzigo mkubwa. CD ya kawaida, yenye njia mbili tu, hutoa biti zipatazo 1,411,000 kila sekunde. Njia sita zikiandikwa kwa ubora unaokaribiana na huo zingehitaji biti 4,608,000 kila sekunde. DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, ilipaswa kubeba na picha pia. Hivyo sauti ikabanwa na kufungwa kama furushi. Furushi la Dolby Digital kwenye DVD halizidi biti 448,000 kwa sekunde. Lile la DTS, ambalo halibanwi sana, hufika biti 1,509,000 au takriban nusu yake.

Furushi haliwezi kupelekwa kwenye spika kabla ya kufunguliwa na kila njia kutengwa na nyingine. Basi swali la kwanza ni hili: nani analifungua, deki au amplifaya? Ukilijibu swali hili, umekwisha kujua ni waya gani unaokufaa.

Nyaya mbili na nyaya sita

Waya wenye vichwa vyekundu na vyeupe, ambao mara nyingi huja ndani ya boksi la deki, hubeba njia mbili tu. Deki hulifungua furushi, hukunja yaliyomo yawe njia mbili, kisha huyatoa. Amplifaya ikipokea njia mbili haiwezi kujua kwa yakini kilichokusudiwa kwenda nyuma. Zipo amplifaya zinazokisia, na zipo zinazonakili tu sauti za mbele na kuzipeleka nyuma. Huo ndio ugonjwa wa nyumba nyingi tulizozitaja.

Deki nyingine zina matundu sita ya sauti yaliyoandikwa FL, FR, C, SL, SR na SW. Hizo hufungua furushi zenyewe na kutoa kila njia kwa waya wake. Jambo hili lina umuhimu kwa wengi, kwa sababu seti nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwa jina la 5.1 hazina uwezo wa kufungua furushi lolote; zina matundu sita ya kupokea, basi. Mwenye seti ya namna hiyo asinunue waya wa kidijitali, kwani hana pa kuuchomeka. Atafute deki yenye matundu sita, na katika menyu yake achague 5.1 badala ya stereo. Ndiyo maana yampasa mnunuzi aigeuze seti na kuutazama mgongo wake kabla ya kutoa fedha, wala asitosheke na maandishi ya kwenye boksi.

Koaksia na waya wa mwanga

Ikiwa amplifaya inaweza kufungua furushi, kwa kawaida huwa na alama ya Dolby Digital au DTS usoni mwake, na tundu la kidijitali nyuma. Hapo deki haifungui kitu; hulitoa furushi kama lilivyo, na waya mmoja mwembamba hubeba njia zote sita.

Tundu lililoandikwa COAXIAL ni la mviringo, aghlabu la rangi ya chungwa, na hupitisha umeme katika waya wa shaba. Lile lililoandikwa OPTICAL ni la pembe nne na hupitisha mwanga mwekundu katika uzi wa plastiki. Aina hii ilianzishwa na kampuni ya Toshiba mwaka 1983 kwa ajili ya deki za CD. Furushi linalobebwa ni lilelile, na hakuna unaotoa sauti nzuri kuliko mwenziwe. Tofauti yake ni ya kimazingira tu. Koaksia ni imara na haijali kukunjwa, lakini kwa kuwa huunganisha vyuma vya mashine mbili huweza kuleta mvumo wa umeme kwenye spika. Waya wa mwanga hauleti mvumo huo, ila haupendi kukunjwa kwa pembe kali, vumbi huudhuru, na kwa matumizi ya nyumbani ni vema usizidi mita tano. Vichwa vyake huja na vifuniko vidogo vya plastiki, na wapo wanaojaribu kuvichomeka bila kuvivua.

Njia hizi mbili zilitengenezwa kwa ajili ya sauti ya CD, yaani njia mbili zisizobanwa. Ndiyo sababu njia sita haziwezi kupita humo zikiwa zimefunguliwa. Hupita zikiwa furushi tu. Hata furushi kubwa la DTS huingia kwa kubanana.

HDMI na diski za Blu-ray

Waya wa HDMI, uliotangazwa mwishoni mwa mwaka 2002, hubeba picha na sauti pamoja, na una nafasi ya njia nane za sauti zilizokwisha kufunguliwa. Mwaka 2006, mwaka ule ule diski za Blu-ray zilipoingia sokoni, toleo lake la 1.3 liliruhusu pia mafurushi makubwa ya Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, ambayo hayapotezi chochote katika sauti ya asili. Mafurushi haya hayaingii katika koaksia wala katika waya wa mwanga. Ukiitumia deki ya Blu-ray kwa nyaya hizo hutakosa sauti. Deki itatoa furushi dogo la Dolby Digital au DTS, na sikio la mtu wa kawaida litaridhika. Lakini mwenye amplifaya yenye HDMI hana sababu ya kuacha njia kubwa akapita uchochoroni.

Angalizo moja: wengi huunganisha deki na runinga kwa HDMI, kisha runinga na amplifaya kwa waya wa mwanga. Runinga nyingi, zikipokea sauti kutoka kwenye deki, hutoa njia mbili tu kwenda mbele. Iliyo salama ni kuitoa sauti kwenye deki moja kwa moja hadi kwenye amplifaya.

Neno moja katika menyu

Kamba hukatikia pembamba, na hapa pembamba ni kwenye menyu ya deki. Ukifungua sehemu ya sauti utakuta maneno PCM, na RAW au BITSTREAM. PCM maana yake deki ifungue furushi yenyewe. Katika koaksia au waya wa mwanga hutoka njia mbili tu. RAW au BITSTREAM maana yake furushi litoke likiwa limefungwa. Neno hili moja limewafanya watu wabadilishe spika zilizokuwa nzima.

Yampasa mtu apunguze sauti kabla ya kujaribu. Kifaa kisichojua DTS kikipokea furushi lake huweza kutoa mchakacho mkali kama mvua juu ya bati, unaoweza kudhuru spika na masikio ya watoto.

Bei ya waya

Katika njia za kidijitali, taarifa ama hufika, ama hukatika. Na ikikatika utasikia milio ya kudonoa au ukimya wa ghafla, si sauti iliyofifia. Waya wa dhahabu hauongezi utamu kwa furushi lililofika salama. Hata waya wenye kichwa cha njano uliokuja na deki kwa ajili ya picha hufanya kazi ya koaksia bila kasoro, kwa kuwa umetengenezwa kwa kipimo kilekile cha omu 75. Kumlipa muuzaji mara kumi kwa kazi iyo hiyo ni ubadhirifu.

Diski, usiku na jirani

Tazama pia jalada la diski. Iliyoandikwa 2.0 ina njia mbili, na hakuna waya utakaoiongezea. CD za usomaji wa Qur'ani Tukufu na za mawaidha zina njia mbili. Spika za nyuma zikinyamaza hapo si kosa, na ni bora amplifaya iwekwe kwenye stereo ili sauti ya msomaji ibaki kama ilivyorekodiwa.

Na kwa kuwa mngurumo wa sabufa hauzuiwi na ukuta, usiku tumia chaguo liitwalo DRC au Night. Hushusha vishindo na kuinua maneno, familia ikaendelea kuelewa huku jirani akilala.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, geuza deki na amplifaya, andika matundu yaliyopo kwenye kila kimoja, na utafute yanayolingana. Kisha ingia kwenye menyu. Huenda ukagundua kwamba kila ulichokihitaji kilikuwa tayari ndani ya nyumba yako.