Kitabu Kiwafuate Watu Viwanjani

Kipupwe kinapoingia visiwani mwetu, masika yakawa yamekwisha na upepo wa kusi umeshika njia yake, wananchi hutoka nje. Jua hupungua ukali, usiku huwa na baridi ndogo ya kupendeza, skuli hufunga kwa likizo ya kati ya mwaka, na shughuli za pamoja hufuatana moja baada ya nyengine. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwezi wa Novemba 2021. Siku chache baadaye ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Tamasha la filamu la nchi za jahazi, lililoanza mwaka 1998, mara nyingi limefanyika katika miezi hii hii. Ongeza harusi, mashindano ya ngalawa na matembezi ya jioni Forodhani, na inapotokea mwezi mwandamo ukaileta Idi katika kipupwe, basi hakuna tena wiki iliyo tupu.

Hatukukusudia leo kuzisifu sherehe hizo, kwani zimekwisha kupata wasifuji wengi na baadhi yao wanalipwa kwa kazi hiyo. Tunataka kuuliza jambo moja la utumishi. Pale ambapo baba, mama, bibi na watoto wamekwisha kukusanyika wenyewe, bila ya kupigiwa mbiu wala kupelekewa gari la matangazo, kwa nini kitabu hakipo?

Tuchukue Mwaka Kogwa, ambao ni mkubwa kuliko zote kwa asili na kwa umri. Sherehe hii inatokana na mwaka wa jua wa Kishirazi, Nairuzi, na watu wa Makunduchi wameihifadhi kwa vizazi vingi. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa magogo ya migomba, kila mmoja akiyatoa yaliyomkaa moyoni dhidi ya mwenziwe ili mwaka mpya usiukute uhasama wa zamani. Wanawake hupita wakiimba, na nyimbo zao hazimwonei haya mtu. Kisha hujengwa kibanda cha makuti, kikatiwa moto, na watu huutazama moshi unaelekea wapi. Baada ya hapo huwa ni kula na kukaribishana, kwani desturi inataka kila nyumba ipate mgeni.

Anayekwenda kwa ajili ya kupiga picha huondoka moshi unapotoweka. Lakini sherehe yenyewe huendelea siku kadhaa, na sehemu kubwa ya muda huo ni ya kungojea: watoto wanangoja chini ya miti, wanangoja pwani, wanangoja mama zao wamalize kupika. Katika kungoja huko ndimo zamani bibi alipokuwa akiingia na "paukwa", watoto wakamjibu "pakawa". Siku hizi nafasi hiyo imejazwa na vipaza sauti vya wafanyabiashara, na kila mmoja anajaribu kumshinda jirani yake kwa makelele. Hatuupingi muziki, wala hatumwonei choyo kijana anayejitafutia riziki yake kwa kuuza juisi. Tunachosema ni kwamba saa nyingi za watoto wengi zinapita bure, na hakuna mtu aliyewahi kuzihesabu kuwa ni mali.

Na Makunduchi si mji wa magogo ya migomba peke yake. Hapo ndipo alipozaliwa, mwaka 1918, Muhammed Said Abdulla, aliyemleta Bwana Msa katika fasihi ya Kiswahili kwa kitabu chake cha Mzimu wa Watu wa Kale kilichochapishwa mwaka 1960. Kila msomaji wa hadithi za upelelezi kwa lugha yetu, awe Mombasa, Tanga au Bujumbura, ana deni kwa mji ule. Je, katika mamia ya watoto wanaokusanyika katikati ya Julai mahali alipozaliwa mwandishi huyo, wangapi wamewahi kukishika kitabu chake mkononi? Tunamwachia kila kiongozi wa Wilaya ya Kusini ajijibu mwenyewe, kisha atwambie.

Ipo pia hazina nyengine, nayo imefanywa na taasisi yetu wenyewe. Mwaka 2012 Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, lilitoa makamusi ya lahaja za visiwa hivi: Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba. Hii ni kazi ya kujivunia, kwa sababu Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya mjini Unguja, na kwa miaka mingi mtoto wa shamba aliyefungua kinywa chake darasani kwa maneno ya nyumbani alichekwa. Sasa maneno yake yamo kitabuni. Basi tufikirie turubai moja tu, lisilo la gharama, limetandikwa mikeka, na katikati kuna kamusi ya Kimakunduchi. Mtoto wa darasa la tano anasoma neno, bibi yake anatoa maana, na kama hakubaliani na kamusi anaeleza kwa nini. Mjomba anaingilia. Jirani anakumbuka neno ambalo halikuandikwa. Mwalimu kijana yuko pembeni na daftari lake, anaandika. Tuna yakini kwamba turubai hilo lisingekosa watu, kwani hakuna ubishi unaopendwa visiwani kama ubishi wa neno.

Itasemwa kwamba maktaba ipo, anayetaka kusoma na aende. Kweli, Maktaba Kuu ipo Maisara, na Pemba ipo ya Chake Chake, na wanaozitumia wanajua manufaa yake. Lakini kutoka Makunduchi hadi Maisara ni zaidi ya kilomita 60. Mama mwenye watoto watatu akilipa nauli ya kwenda na kurudi, tena akawanunulia chochote cha kula, amekwisha kutumia fedha za kitoweo cha siku kadhaa ili watoto wakae saa mbili kwenye viti vya maktaba. Wa Tumbatu hana budi avuke kwanza hadi Mkokotoni ndipo apate gari. Wa Kojani na wa Fundo nao wana bahari yao ya kuvuka. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 1,889,773, ambapo miaka kumi kabla yake tulikuwa 1,303,569. Nyongeza hiyo si ya wazee. Ni watoto, na hawawezi kungoja mpaka kila shehia ijengewe jumba lenye mlango wa vioo.

Mapinduzi yalipokuwa hayajatimiza hata mwaka, tarehe 23 Septemba 1964, Mzee Karume alitangaza elimu bila ya malipo. Uamuzi ule uliondoa kizuizi cha ada kwa mtoto wa mkulima na mvuvi. Mtoto huyo akajua kusoma. Kisha tukamrudisha kijijini ambako, ukiacha msahafu na madaftari ya skuli, hakuna cha kusomwa. Kusoma ni kama kuendesha ngalawa: anayekaa miaka bila ya kuigusa husahau hata namna ya kuliweka tanga. Hili ndilo linalotutia wasiwasi, na ndiyo sababu hatulihesabu kuwa ni jambo la burudani tu.

Wako wanaoamini kwamba kitabu na sherehe havipatani, kwani kitabu kinataka kimya. Imani hiyo imetoka kwengine, haikutoka kwetu. Sisi tuliosoma chuoni tunajua kwamba kusoma kwetu hakukuwa kwa kimya hata siku moja. Watoto thelathini walisoma kwa sauti, kila mmoja na sura yake, na maalimu alilisikia kosa la mmoja katikati ya sauti zote. Na mtoto alipohitimu, nyumba ilipika, majirani wakaalikwa, udi ukafukizwa, na mtoto akavishwa nguo mpya kama bwana harusi. Neno la kwanza lililoteremshiwa Mtume (S.A.W.) lilikuwa ni amri ya kusoma, na wazee wetu waliitikia kwa kuyafanya mahitimisho ya kusoma kuwa ni karamu ya mtaa mzima. Kwa hivyo hatuwaombi wananchi wajifunze jambo geni. Tunawaomba walipanue walilo nalo.

Wala si kweli kwamba mkusanyiko mkubwa hauwezi kusoma. Mwaka 1973 wenzetu wa Tanzania Bara waliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa vijitabu na wenzao waliojua kusoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kampeni ile ilibebwa na vikao vya kawaida vya watu wa kawaida, chini ya miembe na katika madarasa ya udongo.

Hapa mjini nako nafasi haikosekani. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyotoka mwaka 1999, imefanywa filamu na Amil Shivji, nayo ilionyeshwa Toronto mwaka 2021. Mwaka huo huo mtoto wa Unguja, Abdulrazak Gurnah, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka uliofuata kitabu chake kimoja kikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hivi ni vitu vya kuwekwa mezani kwenye mlango wa Ngome Kongwe usiku wa filamu, avione baba anayepita na wanawe. Kijana aliyetoka kuitazama hadithi kwenye pazia ana hamu ambayo haipatikani tena kesho yake asubuhi. Akikikuta kitabu papo hapo, na karani wa maktaba yuko tayari kumwandikia kadi, ameingia katika maktaba bila ya kujua kwamba ameingia.

Lakini lazima tuseme wazi kuhusu vitabu vyenyewe. Vingi vinavyotolewa msaada na marafiki wa nchi za nje ni vya Kiingereza. Tunashukuru, na mwanafunzi wa sekondari anavihitaji. Bibi wa Nungwi, hata hivyo, hawezi kumsomea mjukuu wake hadithi ya theluji kwa lugha ambayo wote wawili hawaielewi. Sanduku la viwanjani lijazwe Kiswahili kwanza: hadithi za watoto zenye picha, mashairi, vitabu vya uvuvi na kilimo cha karafuu na mwani, na riwaya za waandishi wetu. Wachapishaji hawatavichapisha vya kutosha iwapo Serikali, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa, haivinunui.

Kwa ndugu zetu maofisa tuna maneno machache. Tumehudhuria shughuli nyingi ambamo turubai lenye kivuli lilikuwa la wageni rasmi, na watoto waliotajwa katika kila hotuba walikuwa wamesimama juani. Hotuba zikipunguzwa nusu, hakuna kitakachopotea ila karatasi. Kivuli kipewe watoto. Shughuli yao ianze baada ya alasiri jua linapopoa na iishe kabla ya magharibi, ili akina mama warejee nyumbani kwa amani. Yawepo maji ya kunywa na vyoo vinavyofungika, na pawe na mahali panapojulikana pa kumpeleka mtoto aliyepotea. Haya yanaonekana madogo kwa mtu aliyekuja na gari la ofisi. Kwa mama aliyekuja kwa miguu na mtoto mgongoni, ndiyo yanayoamua kama mwakani atakuja tena.

Upande wa fedha, bahati njema imetuangukia bila ya kuitafuta. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe mosi Julai, na Baraza la Wawakilishi huijadili bajeti katika wiki zinazotangulia. Sherehe za kipupwe, basi, huangukia mwanzoni kabisa mwa mwaka mpya wa matumizi, wakati ambapo hakuna mkuu wa idara anayeweza kusema kwamba kifungu kimekwisha. Linalohitajika ni kifungu hicho kiandikwe mapema, kwa jina lake, kisifichwe ndani ya "mengineyo", kwa kuwa sote tunajua mengineyo huishia wapi.

Masheha nao wasingoje barua. Kila shehia ina walimu waliostaafu, na wengi wao wanakaa barazani kila jioni wakiizungumza dunia nzima. Wawili kati yao wanatosha kulipokea sanduku la maktaba, kuandika katika daftari nani amechukua nini, na kulirudisha baada ya mwezi likabadilishwe. Vitabu kumi vikipotea katika mia, tusilie. Kitabu kilichopotea kijijini kwa kawaida kimo katika nyumba fulani kinasomwa, na hilo ni bora kuliko kile kilichokaa salama rafuni miaka kumi bila ya kuguswa.

Tungependa kazi ianzie visiwa vidogo, ambavyo kwa desturi huwa vya mwisho kufikiwa na kila jambo. Vyombo vya Tumbatu hutoka Mkokotoni na magunia ya mchele, mabati na madumu ya mafuta. Sanduku la vitabu arubaini halichukui nafasi ya gunia moja. Wanaohusika na maktaba na mkoa wakae pamoja kabla ya kipupwe kijacho, wakubaliane nani atalinunua sanduku, nani atalilipia nauli na ufunguo utashikwa na nani.