Oili Ndani ya Kompresa ya Friji

Kompresa ya friji ni pampu na mota yake, vimefungiwa pamoja ndani ya gamba la chuma lililochomelewa. Chini ya gamba hilo imetulia oili ambayo mwenye friji haioni tangu siku ya kununua hadi ya kutupa. Kazi yake si kulainisha tu. Huziba upenyo kati ya pistoni na silinda ili gesi ya ubaridi inayosukumwa isirudi nyuma, huondoa joto kwenye mota, tena hutuliza mgongano wa vyuma.

Jambo kubwa ni uzito wake. Oili nzito hushikilia pistoni, na mota hula umeme zaidi. Ikiwa nyepesi mno, vyuma husagana, gesi huvuja, kelele huzidi. Friji za nyumbani zimeshuka kutoka oili ya daraja la uzito la 32 hadi 10 na chini yake ili kuokoa umeme, jambo lililowezekana kwa sababu vyuma sasa huchongwa kwa usahihi mkubwa.

Gesi nayo huyeyuka ndani ya oili. Katika duka la soda Bweranyange, makao ya kale ya wafalme wa Karagwe, matokeo yake huweza kusikika. Usiku wa milimani una baridi. Umeme ukikatika, gesi hujipenyeza kwenye oili iliyopoa. Umeme ukirudi alfajiri, kompresa huanza kuvuta, shinikizo ndani ya gamba hushuka ghafla, gesi hutoka kwa kuchemka, na oili huumuka povu kama soda iliyotikiswa. Mngurumo hufifia kidogo, maana povu humeza sauti. Utulivu huo ni wa hasara: povu halilainishi vizuri, na sehemu ya oili husukumwa hadi kwenye mabomba ya ubaridi, ikayapaka utando unaozuia joto kupita. Kreti ileile ya soda huchukua muda mrefu zaidi kupoa.

Kila gesi ina oili yake. R12, iliyoanza kuondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987, ilitumia oili ya madini. R134a iliyoshika nafasi yake haichanganyiki na oili hiyo, hivyo hutiwa oili ya esta, ambayo hunyonya unyevu wa hewani upesi na kuzaa asidi. R600a ya friji mpya imerudi zaidi kwenye oili ya madini.

Kwa hiyo fundi asome kwanza kibandiko cha kompresa. Kopo la esta lisiachwe wazi, na oili ya injini ya pikipiki isitiwe kwenye kompresa kamwe: nta na viungo vyake huziba kibomba chembamba cha friji.