Cheti Peke Yake Hakimgeuzi Mgonjwa

Juma hili nazungumza na vijana waliomaliza kidato cha nne, na wazazi wao ambao tayari wanatafuta mnunuzi wa ng'ombe ili walipie kozi ya kutunza wagonjwa na wazee. Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: je, mtu asiye na uzoefu wowote anaweza kuianza kazi hii?

Jibu ni ndiyo. Kinachotakiwa ni mafunzo, na mafunzo yenyewe hayaishii daftarini. Tazama Marekani, ambako Wakenya wengi wanaifanya kazi hii. Sheria yao ya mwaka 1987 inamtaka msaidizi wa muuguzi katika makao ya wazee asome kwa saa zisizopungua 75, na kati ya hizo 16 ziwe za vitendo chini ya msimamizi. Kisha hutahiniwa. Ni majuma machache tu, lakini zile saa 16 haziruki mtu.

Kwa nini? Kwa sababu mambo yanayoonekana madogo ndiyo kazi yenyewe. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa, aghalabu kila baada ya saa mbili, la sivyo hupata vidonda visiginoni, nyongani na chini ya mgongo. Aliyepooza upande mmoja huvishwa shati kwa kuanza na mkono uliopooza, na huvuliwa kwa kuanza na ule mzima. Anayelishwa sharti aketi wima, chakula kisije kikapotea njia na kuingia mapafuni. Ukimwinua mtu, kunja magoti. Ukitegemea mgongo, siku moja mtalazwa wawili.

Basi mzazi, kabla ya kulipa uliza maswali matatu. Je, chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi nchini? Mwanafunzi atafanya mazoezi wapi, kwa majuma mangapi, na chini ya nani? Na mtihani wa mwisho unatolewa na nani? Ukipewa maneno matamu badala ya majibu, jua unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Gunia kubwa zaidi ni la safari. Uingereza iliwafungulia mlango watunzaji kutoka nje Februari 2022. Machi 2024 ikawakataza wageni wapya wa kazi hiyo kwenda na mume, mke au watoto. Tarehe 22 Julai 2025 ikaufunga mlango huo kwa waombaji wapya walio nje ya nchi hiyo. Sasa wakala akikuahidi nafasi huko, mwulize atakupitisha mlango gani. Jina lake litafute katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla hujampa hata shilingi.

Na tusisahau nyumbani. Mitaani mwetu wapo wazee wasiojiweza, wanaotunzwa na mjukuu au msichana wa kazi ambaye hakuna aliyemwonyesha namna ya kumgeuza mtu kitandani. Kijana aliyefunzwa sawasawa ana kazi hapa, hata asipopanda ndege. Asiyefunzwa atabaki na karatasi ukutani, na zizi la baba yake litabaki tupu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.