Televisheni ya Bure, Bando la Kulipia
ARUA – Mfanyabiashara wa Arua au Koboko, zinakokutana Uganda, Kongo na Sudan Kusini, hawashi simu alfajiri kutafuta burudani. Anataka kujua kama kwenda Ariwara au Kaya ni salama. France 24 na Al Jazeera ziko mubashara YouTube bila malipo, kwa Kifaransa, Kiingereza na Kiarabu. Ariwara haitajwi sana humo, lakini Bunia na Juba hutajwa, na mwenye mzigo anajua kuunganisha.

Hata hivyo, bure hiyo inalipiwa. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii. Julai 2021 ikaifuta kodi hiyo, ikaweka ushuru wa asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Saa moja ya picha safi inaweza kumaliza GB nzima. Wajanja huishusha hadi 240p, ikala takriban robo yake: uso wa mtangazaji unafifia, sauti inabaki.

Januari 2021, intaneti ilipozimwa karibu siku 5 wakati wa uchaguzi, hata ujanja huo haukusaidia. Ikabaki redio, na kumuuliza dereva aliyetoka mpakani.