Kiangazi Ndicho Kinachoamua Mavuno ya Haydom

Mgeni anayefika Haydom, mkoani Manyara, mwezi Agosti huona mashamba matupu, vumbi, na ng'ombe wakihangaika na mabua, akadhani kazi ya mwaka imekwisha. Kwa jicho la mtaalamu wa kilimo, hiyo ndiyo miezi inayoamua mavuno yajayo. Mvua za huku ni za msimu mmoja: huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili au Mei. Familia yenye ekari chache, maksai wawili na mbuzi kadhaa hupata nafasi moja tu ya kulima kwa mwaka, na nafasi hiyo huandaliwa wakati wa ukavu.

Tuanze na mabua, maana ndiyo yanayogombewa zaidi. Ng'ombe anayataka, udongo unayataka, na jiko nalo linayataka pale kuni zilipoadimika. Baada ya mavuno, kwa desturi, mashamba huachiwa mifugo, na kufikia Septemba hubaki ardhi tupu inayopeperushwa na upepo. Ushauri wangu ni kukusanya mapema sehemu ya mabua, kuyapanga juu ya kichanja karibu na boma na kuyafunika. Yenye majani mengi yawekwe kwa ajili ya maksai mwezi Oktoba na Novemba. Maksai aliyekonda hawezi kuvuta plau mvua ya kwanza inaponyesha, na mahindi yaliyochelewa kupandwa hukumbwa na ukame yakiwa bado yanachanua. Kuyachoma mabua moto ni hasara tupu: naitrojeni yake nyingi hupotea na moshi.

Mabua magumu yanayobaki yatandazwe ndani ya boma. Wengi hujali kinyesi na kusahau mkojo, ilhali sehemu kubwa ya naitrojeni anayotoa ng'ombe imo kwenye mkojo. Mabua huunyonya, hukanyagwa, huoza, na kuwa samadi yenye nguvu. Yakifukiwa shambani yakiwa makavu, vijidudu vya udongo hukwapua naitrojeni ili viyaozeshe, na mahindi machanga hugeuka manjano. Rundo la samadi nalo lifunikwe kwa nyasi au udongo, kwa sababu jua huondoa rutuba ile ile iliyotafutwa kwa taabu. Elimu hii ina mizizi hapa hapa. Wairaqw wa milima ya Kainam, ambako koo nyingi za Haydom zilitoka, tangu zamani walilaza ng'ombe ndani na kubeba samadi hadi shambani, wakalima ardhi ile ile kizazi baada ya kizazi.

Mbaazi zilizopandwa kati ya mahindi hubaki kijani hata mvua ikishakatika, kwa kuwa mizizi yake huenda chini sana. Huvunwa kiangazi, na majani yake yanayopukutika hurutubisha udongo. Wakulima wengi wa Manyara walikatishwa tamaa mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha uagizaji wa mbaazi na bei ikaporomoka. Ninaelewa uchungu huo, lakini bado naomba mistari michache ibaki, kwa chakula cha nyumbani na kwa ajili ya udongo wenyewe.

Kisha ghala. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka yenye unyevu, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kwa hiyo ukavu wa nafaka si jambo la kukisia. Kuna kipimo ambacho mama yeyote anaweza kukifanya: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokauka vizuri, funga, tikisa dakika moja, kisha acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Yaanikwe kwenye turubai, kamwe yasianikwe kwenye udongo.

Nasisitiza ghala kwa sababu ya watoto. Haydom ilikuwa miongoni mwa vituo 8 vya utafiti wa kimataifa wa MAL-ED, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa, na zaidi ya nusu ya watoto wa hapa walikuwa wamedumaa walipofikia miaka miwili. Sababu ni nyingi, yakiwemo maambukizi ya tumbo. Hata hivyo, Januari na Februari, palizi inapopamba moto na mama yuko shambani kutwa, ndipo chakula cha nyumbani nacho hupungua.

Kwa hiyo hesabu ifanywe Julai, kabla ya kwenda mnadani. Watu 6 wanaotumia kilo 2 na nusu za mahindi kwa siku wanahitaji takriban magunia 9 ya kilo 100 kufikia mavuno yajayo. Hayo yatengwe kwanza, baba na mama wakikubaliana, pamoja na mbegu na maharage ya watoto. Yatakayobaki ndiyo ya kuuza.