Kengele Yenye Meno 13: Kipuri Halisi cha Kifaru Hutafutwaje?

Wasomi wenzangu, nilipokwenda TP wilayani Kongwa nilikuta kengele ya shule ni pete nzito ya chuma yenye meno, imening'inizwa kwenye mwarobaini na inagongwa kwa nondo. Wiki ya tatu akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Kamati ya shule ikaanza kupiga hesabu, maana choo cha wavulana hakikuwa na mlango. Babu mlinzi akanivuta pembeni: "Mwalimu, hiyo ni ya kifaru kilicholima karanga. Ikienda, imekwenda."

Nilicheka. Kifaru kilime karanga?

Kumbe babu hakuwa anatania. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mradi wa Karanga Tanganyika, na Kongwa ikawa kitovu chake. Matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya vita, hivyo kampuni ya Vickers ikachukua sehemu za vifaru vya Kimarekani aina ya Sherman na kuundia trekta lililoitwa Shervick. Mradi ukafutwa mwaka 1951, ila vyuma vingine vilibaki hukuhuku.

Sasa basi, utajuaje kwamba pete ya kwenye mwarobaini ni ya Sherman? Swali hilohilo huwasumbua watu wa Ulaya na Marekani wanaofufua vifaru vya zamani. Wanaodhani kazi ngumu ni mzinga au injini wanakosea. Vinavyotoa jasho ni vidude vidogo: kikingio cha taa, vibano vya kushikia sepetu na shoka, darubini ya dereva. Ndivyo vilivyonyofolewa kwanza kifaru kilipostaafu, na hakuna aliyeviwekea kumbukumbu.

Hatua ya kwanza ni kukijua kifaru chenyewe. Kati ya 1942 na 1945 zilitengenezwa Sherman karibu 50,000, katika viwanda mbalimbali. Zipo za injini ya ndege, za V8 ya Ford, za dizeli mbili pamoja, na za Chrysler ambamo injini tano za magari ziliunganishwa zikawa moja. Kwa hiyo kipuri kinaweza kuwa halisi kabisa na bado kisiwe cha kifaru chako. Ni kama kuleta cheti cha kweli cha mtu mwingine.

Pili, soma chuma. Jeshi la Marekani lilichapisha vitabu vya vipuri vyenye michoro na namba. Namba hizo mara nyingi hutokea kwenye chuma chenyewe, zikitanguliwa na herufi kama C au D, ambayo huonyesha ukubwa wa karatasi ya mchoro wa kiwandani. Pembeni huweza kuwepo alama ya kiwanda kilichomimina chuma hicho. Brashi ya waya na subira vinatosha kuanzia.

Tatu, tafuta kwa ndugu zake. Magari kama M7 na M10 yalitumia miguu ya aina moja na Sherman, hivyo lililokufa huweza kumchangia lililo hai. Wengine hupekua mashamba, viwanja vya shabaha na maghala yenye vipuri ambavyo havijawahi kufungwa, bado vimepakwa grisi. Tahadhari tu: nchi kadhaa zilibadilisha Sherman zao baada ya vita. Israel, kwa mfano, iliweka nyingi injini za Cummins, hivyo usitegemee kupata kila kitu cha mwanzo humo.

Je, kikikosekana kabisa? Hapo unachonga kingine kwa mchoro, lakini unakiwekea alama na kukiandika. Kifaru cha Kijerumani Tiger 131, kilichotekwa Tunisia mwaka 1943, leo kinatembea katika jumba la makumbusho la Bovington, Uingereza. Injini yake ya kuzaliwa ilikuwa HL210, inayokisukuma sasa ni HL230. Hilo linasemwa wazi. Mimi naona kubadilisha si kosa. Kosa ni kumwacha anayekuja baadaye adhani kipya ni cha zamani.

Nikarudi kwenye mwarobaini na Kidato cha Pili. Tulihesabu meno: 13, sawasawa na pete za Sherman. Tulipopiga brashi ikatokea herufi C na tarakimu nne, nyingine zimeliwa na kutu na nondo. Nikawaambia wanafunzi ukweli: huu ni ushahidi mzuri, ila si hukumu. Tulichora pete kwenye daftari, tukapima upana wake kwa rula, tukaandika maneno ya babu na tarehe.

Niliipeleka karatasi hiyo kwa mkuu wa shule, akaiweka mezani kwa kamati. Waliahirisha kuuza. Choo bado hakina mlango, na siwezi kujifanya kwamba hilo ni jambo dogo.

Wengi wetu tunakwenda field mwaka huu. Kwenye mizani chuma chote ni kilo tu. Kabla hakijapanda mizani, hesabu meno, piga brashi, chora, na muulize mlinzi. Wazee wanaojua kilitoka wapi wanazidi kupungua.